Shajara ya mkaja: tumbo lililobaki baada ya kilo 52 kuondoka

11 Mei

Leo nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari la vipimo la wateja, juu nimeandika jina langu. Miaka 17 nashona hapa Mlandege, Iringa, sijawahi kujipima nikaandika, nguo zangu nilikuwa nakata kwa kukisia tu, dera likiingia limeingia. Saivi nimekuwa mteja wangu mwenyewe, na ni mteja msumbufu maana nguo anayoitaka, ya kulibeba tumbo, hajui hata inaitwaje.

Nilikotoka kwa kifupi. Machi mwaka jana nilipasuliwa Dar, ule upasuaji wa kukata mfuko wa chakula, sisi tuliofanyiwa tunauita slivu, wanaondoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko na kinachobaki ni kirefu chembamba kama ndizi mbivu. Niliingia na kilo 131 kwa urefu wa sentimita 162. Leo mzani umesema 79. Presha imeshuka, magoti hayalii nikipanda ngazi, kukoroma kumeisha mpaka baba watoto anasema mwanzoni alikuwa anaamka usiku kunisikiliza kama napumua.

Lakini tumbo lipo. Yaani nikivaa ni mtu wa kilo 79, nikivua tunakuwa wawili. Linaning'inia, nikikaa linalala juu ya mapaja, nikiinama kuokota chaki linatangulia. Wifi yangu alinikuta nabadilisha nguo akacheka, "wifi hiyo nyama uzembe, si ungekimbia kidogo". Sikumjibu. Tangu Februari napanda ule mlima wa Ipogolo kuja mjini kwa miguu siku 4 kwa wiki, wanaoujua wanaujua, na mapaja yamekuwa magumu kama nguzo ila tumbo halijasogea hata nusu inchi.

Vipimo vya leo: kiuno juu ya kitovu nimesimama wima, 40. Nikilinyanyua kwa mkono wa kushoto futi ikapita pale linapoanzia, 35. Kwahiyo inchi 5 ni kitu kinachoning'inia tu. Kutoka kitovuni mpaka ncha ya chini, inchi 9.

Na huku kwetu kupungua nako kuna habari zake. Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, sasa mtu akikuona shingo imetoka na mashavu yameingia hakuulizi unakula nini, anakusogelea anashusha sauti, "dada, ila dawa unameza vizuri?" Jirani mmoja aliniletea karanga kilo mbili na asali. Karanga nilikula.

14 Mei

Nimempigia nesi wa kule kliniki ya Dar nikamwambia naona upasuaji wangu umeishia njiani, mwili wote umekubali tumbo limegoma. Akaniambia lala chini, kunja magoti, weka vidole katikati ya tumbo juu ya kitovu, afu nyanyua kichwa kidogo kama unataka kuona vidole vya miguu. Nikafanya simu iko kwenye spika. Vidole vitatu vikazama! Kumbe msuli wa katikati ulifunguka tangu mimba za watoto wawili na haukurudi, mafuta yalikuwa yameuficha.

Kisha akanifundisha kubana. Ukikamata lile pande linaloning'inia kwa vidole, likiwa nene zito kama unga uliokandwa ndani kuna mafuta ya chini ya ngozi, likiwa jembamba linakunjika kama kitenge kilichofuliwa sana hiyo ni ngozi tupu. Langu juu ya kitovu ni kitenge, chini ya kitovu ni unga, hasa pale juu ya kovu la opereshini ya uzazi ambapo panajikunja kama rafu. Yale mafuta mabaya ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, anasema hayo huwa yanawahi kuondoka mtu akipungua, ndo maana presha imeshuka.

Kwahiyo tumbo langu ni vitu vitatu: ngozi, mafuta kidogo, na msuli ulioachana. Nimekaa nalifikiria hilo jioni nzima. Miezi yote hii nilikuwa napigana na kitu kimoja kinachoitwa tumbo, napanda mlima, nakunywa maji ya limao na mdalasini, nimenunua mkanda wa kutoa jasho 25,000 na mafuta ya kukaza ngozi 35,000, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa ngozi iliyolegea. Mkanda unatoa maji, ukinywa glasi mbili yamerudi. Mafuta ya kupaka yanalainisha juu, ile kolajeni na elastini iliyokatika, yaani nyuzi zinazoikaza ngozi, iko ndani chini huko hayafiki.

Mimi ningejua hili kabla ya wote maana nashika lastiki kila siku. Chukua lastiki mpya, ivute uishonee kwenye sketi ya mtu, akae nayo miaka 15, siku ukiifumua hairudi. Unaweza kuifua, kuianika, kuipaka chochote, ile nyuzi ya ndani imeshakatika. Mtoto wa miaka 20 aliyenenepa kwa miaka miwili anaweza kurudi vizuri, mimi nina 41 na nimekuwa bonge tangu kidato cha pili.

20 Mei

Sasa niseme sababu hasa ya huu mradi, maana urembo ningevumilia. Chini ya tumbo, pale linapolalia, pamekuwa pekundu, panawasha, pamechanika mstari mwembamba kama umekatwa na karatasi, na pana harufu. Nimeandika. Nakaa kwenye cherehani saa 9 kwa siku nimekunja kiuno, jasho linaingia pale halitoki, ngozi inasuguana na ngozi.

Duka la dawa wamenipa klotrimazoli ya kupaka, mara 2 kwa siku, na wakasisitiza nisiache pakionekana pamepona, nimalize wiki zangu. Wakanipima na sukari maana fangasi wa mikunjo wakijirudia ni mojawapo ya dalili, asubuhi sijala ikasoma 5.1. Safi.

Dada wa pale dukani akasema kitu ambacho kimenikaa: dawa itaponya ila ngozi mbili zikiendelea kulaliana watarudi. Unatakiwa uweke kitu katikati na ulinyanyue.

Weka kitu katikati, ulinyanyue. Hiyo ni kazi ya fundi jamani, sio ya daktari.

1 Juni, toleo la kwanza

Nimetoka mtumbani na taiti mbili nene za kuvutika, zile za mazoezi, nikazifumua nikakata mkanda mpana inchi 11, nikaupunguza mpaka 31 wakati kiuno changu halisi ni 35. Akili yangu ilikuwa kubana, nibane kila kitu kiingie ndani. Nikapiga ovaloki, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Shepu ile! Baba watoto akauliza mgeni ni nani.

Saa 6 mchana nimekula vijiko vyangu vinne vya maharage na kipande cha samaki wa Mtera, kufika saa 7 moto unapanda kifuani mpaka kooni. Kiungulia cha kutisha, nimekaa nimeegemea ukuta mteja ananiangalia. Nikakumbuka walichotuambia kliniki, huu mfuko mwembamba una presha kubwa ndani yake, asidi kupanda juu ni rahisi, na hapo mimi nimeubana kwa nje kama dawa ya meno. Na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni sisi hatumezi ovyo, zinaweza kuleta kidonda, kwahiyo ukijiumiza unaumia kweli.

Toleo la kwanza limeishi saa 5. Nimelifumua, lastiki nimeirudisha kwenye kopo.

17 Juni, toleo la pili

Hapa nililegeza, 34, nikapunguza na upana ili lisifike mbavuni. Kiungulia hakuna. Tatizo jipya, linajikunja. Nikikaa ukingo wa juu unajiviringisha kama mkeka mpaka unakuwa kamba katikati ya tumbo, tumbo lote linatoka kwa juu na kwa chini, nikaonekana kama mto uliofungwa. Nikaweka vijiti vya plastiki vya kwenye gauni za harusi pembeni, vikanichoma. Nikavitoa. Nikaweka mikanda ya sidiria ipite mabegani, mabega yakauma jioni.

Sina mengi ya kusema juu ya hili toleo. Baridi limeanza, upepo wa Iringa unaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi tangu nipungue naisikia baridi kama mgeni wa Dar.

29 Juni

Nimepumzika kushona kidogo maana nachoka. Sio uchovu wa kazi, ni ule wa kupanda ngazi tatu unaona nyota. Nikaenda kupima wingi wa damu, 9.6. Kwa mwanamke wanataka angalau 12.

Nikabishana nao, namba haiwezekani, nameza vidonge vya madini ya chuma kila siku sijaruka. Daktari kijana akauliza namezea nini. Nikamwambia chai. Akaweka kalamu chini.

Sasa mimi nimezaliwa Mufindi jamani, nimekulia kwenye majani ya chai, chai ya rangi kwetu ndo maji. Kumbe chai inashika yale madini tumboni yasinyonywe. Na ile kalisi nilikuwa naimeza nayo pamoja ili nisisahau, hizo nazo zinagombania mlango mmoja, zinatakiwa ziachane angalau saa 2. Ukiongeza kwamba mfuko wangu ni kipande na hedhi imerudi nzito tangu nipungue, ndo hivyo. Kwahiyo mwaka mzima nilikuwa nanunua vidonge navitupa chooni kwa njia ndefu.

Mpangilio mpya: chuma asubuhi na maji ya machungwa, chai saa moja na nusu baadaye au zaidi, kalisi mchana na jioni, B12 na multivitamini kama kawaida, maisha yote. Nimeandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo.

13 Julai, toleo la tatu

Mama amekuja kutoka Mafinga. Tumesalimiana kamwene, kamwene, habari za nyumbani, akakaa akanywa chai yake (nilimtazama tu kwa wivu), afu akaona matambara yangu mezani akauliza nashona nini. Nikamweleza nikiona aibu kidogo. Akaomba toleo la pili akalivuta vuta.

"Mwanangu, wewe umefunga gunia. Ulipozaa mimi nilikufunga hivi?"

Akachukua khanga, akaikunja, akaniambia nilale chali kwanza. Tumbo likarudi nyuma lenyewe. Akaanzia chini kabisa, chini ya tumbo, karibu na mfupa, hapo akakaza kweli, akazungusha akipanda juu na kila mzunguko analegeza, kufika kitovuni khanga imeshika tu, juu yake hamna kitu. Fundo akaliweka kwenye nyonga. Nikasimama. Tumbo limekaa kama mtoto aliyebebwa, mbavu ziko huru, pumzi inaingia mpaka chini.

Mkaja! Kitu cha siku nyingi kabisa, kila aliyezaa hapa kafungwa, na mimi fundi nimehangaika na vijiti vya harusi. Makosa yangu yote mawili yalikuwa yaleyale, nilikuwa naweka nguvu kiunoni wakati uzito uko chini.

Usiku huohuo nikachora patani. Chini kuna kipande kinene cha tabaka mbili kilichokatwa kama mwezi, kinafuata mstari wa mkunjo, kinakazwa kwa pembeni kwa vishikizo vya sidiria vya mistari mitatu ili niweze kulegeza. Uzito unabebwa na nyonga, nimeweka ukanda mpana wa nyuma hauvutiki kabisa. Juu kinaishia kwa likra nyepesi ambayo inagusa tu. Na ndani, pale kwenye mkunjo, nimeshonea bitana ya pamba.

Mama kaondoka na la kwake.

10 Agosti

Nimetoka Mbeya kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, nilikuwa na meza ya mashati ya vitenge na mifuko. Niseme tu ukitaka kujaribu mkaja nenda ukakae kwenye basi zaidi ya kilomita 300, ukasimame siku 5, ukalale kwa shemeji kitanda kimoja na watoto wawili.

Mazuri: mgongo haukuuma kabisa. Mwanzo sikuelewa, afu nikakumbuka kwamba tumbo linalovuta mbele na msuli uliofunguka ndo vilikuwa vinauvuta mgongo. Nilitembea kutwa. Nilikaa bila kushika pochi mbele ya tumbo, ile tabia nimegundua ninayo.

Mabaya mawili. La kwanza ni bitana. Pamba inakunywa jasho vizuri lakini inabaki nalo, kufika saa 9 mchana nina kitambaa kibichi kimekaa kwenye mkunjo, ni kama nimejiwekea kandokando ya mto. Siku ya nne kuwasha kukarudi. Nikawa nabadilisha vipande mara 3 kwa siku kwenye choo cha maonyesho, na wanaojua vyoo vya maonyesho watanionea huruma.

La pili ni mdomo. Nimerudi na kilo 81. Kula mlo mkubwa siwezi, mfuko haukubali, lakini kudonadona naweza vizuri sana. Kashata hapa, bisikuti pale, kipande cha ndizi choma, soda ya kugawana. Vitu laini na vya sukari vinateleza tu, huu mfuko unazuia nyama hauzuii kashata. Watu wengi waliorudisha uzito walirudi kwa njia hiyohiyo, kidogo kidogo, hakuna siku waliyokula sana.

Nimerudi kwenye kuhesabu protini, gramu 60 za chini kabisa kwa siku. Yai moja gramu 6, glasi ya maziwa mgando 8, maharage ni tumbo linajaa kabla hujafika popote, kwahiyo samaki na kuku kwanza afu vingine kama nafasi ipo. Maji nakunywa nusu saa baada ya kula, sio pamoja.

2 Septemba

Nimekuwa nafanya zoezi la kuurudisha ule msuli ulioachana, nalala chali, natoa pumzi taratibu huku navuta kitovu ndani, afu natelezesha kisigino kimoja sakafuni mpaka mguu unyooke, narudisha, mwingine. Zile sitapu za kujikunja nimeambiwa niache kwanza, tumbo linatoka katikati kama mgongo wa samaki na pengo linasukumwa nje. Wiki 10 sasa. Vidole vitatu vimekuwa viwili na kidogo. Sio haba.

19 Septemba

Dar, marejeo. Safari hii nilitaka kumuuliza daktari wa upasuaji swali moja tu, ngozi hii inakatwa lini. Nikaingia na daftari langu, akalipenda, akalisoma lote mimi nimekaa na gauni la hospitali.

Akanipima kwa macho, akasema pande linaloning'inia wanalipa madaraja matano. La kwanza linafikia mstari wa vinyweleo vya chini, la pili linafunika sehemu za siri, la tatu linafika juu ya mapaja, la nne katikati ya paja, la tano magotini na kuendelea. Langu ni la pili. Nilitegemea aniambie la tano kwa jinsi ninavyolisikia.

Kisha ndo nikapata somo ambalo sikulitegemea maana alikuwa anaongea ushonaji. Upasuaji uko wa namna mbili. Kuna wa kukata lile pande linaloning'inia peke yake, wanafunga, basi, msuli hawagusi. Hiyo ni kukata pindo la gauni. Wa pili wanakata, wanainyanyua ngozi ya juu mpaka karibu na mbavu, wanaushona ule msuli ulioachana urudi katikati, wanavuta ngozi chini na kitovu wanakitobolea tundu jipya. Kovu linatoka nyonga mpaka nyonga.

Nikamuuliza, na hii iliyolegea upande kwa upande? Maana gauni likiwa refu unakata pindo, ila likiwa pana hata ukate pindo mara 10 litabaki pana, lazima upunguze pembeni au katikati. Akacheka akasema ndo maana waliopungua sana kama mimi baadhi yao wanakatwa na mstari wa pili wa wima katikati, kovu linabaki kama herufi T iliyopinduliwa. Faida unapata kiuno, hasara pale mistari inapokutana ndo panapochelewa kupona. Hilo najua, kona ya mishono miwili ndo inayofumuka kwanza.

Masharti yake: uzito usimame miezi 6 bila kupanda wala kushuka, miezi 18 iwe imepita tangu slivu, damu ifike 12, protini ya damu iwe nzuri maana kidonda kirefu namna ile bila protini hakifungi. Na kama nataka mtoto mwingine nizae kwanza, mimba inafungua kila kitu upya. Sitaki. Akataja na hatari, maji kujikusanya chini ya ngozi ndo maana wanaweka mirija ya kutoa, damu kuganda miguuni ndo maana wanakutembeza mapema, ganzi ya ngozi ambayo wengine haiishi.

Akaniambia pia nisitegemee mzani, watu wanadhani wanakatwa kilo 20, lile pande kwa mtu kama mimi ni kilo chache tu. Nilinyong'onyea kidogo hapo.

Bei. Bima nyingi zinahesabu huu ni urembo. Bei niliyotajiwa ni cherehani za umeme mpya 10 na ovaloki juu yake, na nauli bado.

Akaomba kuuona mkaja. Akauvuta, akauliza nani kanifundisha kuanzia chini. Nikamwambia mama.

12 Oktoba, toleo la nne

Joto limeanza, vumbi, na hili ndo toleo lililotoka kwenye kabati la nguo za mume.

Nilikuwa naanua nguo, jezi ya mwanangu imekauka wakati fulana za pamba zilizoanikwa saa ileile bado zinadondosha. Nikasimama pale na jezi mkononi. Jezi hainywi jasho, inalipitisha, linasambaa linakauka hewani. Nikakata kipande nikaweka kwenye mkunjo. Saa tatu baadaye, pabichi vilevile! Nikakasirika, afu nikaona kipande chote kimejificha ndani, sasa jasho litapita liende wapi? Nikakata kirefu zaidi, nikaacha inchi 2 zinatoka nje ya mkunjo zinapata upepo. Hapo ndo pakakauka. Ile ncha ya nje ndo inafanya kazi yote.

Kwahiyo toleo la nne ni lile la tatu ila bitana ya pamba imetoka, badala yake kuna ulimi wa kitambaa cha jezi, haujashonewa, umeshikwa na vishikizo viwili ili nitoe nifue. Ninazo 5, mbili kwa siku. Mshono wote umegeukia nje, ndani hamna hata uzi unaogusa ngozi. Chini ya ulimi napaka zinki oksaidi nyembamba asubuhi ngozi ikiwa kavu kabisa, na kuikausha natumia draya ya saluni kwa upepo wa baridi, watoto wanacheka.

Jezi ya mwanangu ilikuwa ndogo haikutosha. Nilichukua ya Yanga, ya zamani, ya baba watoto. Iko chini kabatini miaka haivai.

26 Oktoba

Wiki 2, hakuna wekundu, hakuna kuwasha. Klotrimazoli iko kabatini haijaguswa.

Leo amekuja mama mmoja wa Kihesa na kitenge, anataka gauni la kipaimara cha mwanae, "fundi uniachie nafasi hapa mbele". Kasimama na mkoba mbele ya tumbo, mikono miwili. Ule msimamo naujua. Yeye hakupasuliwa chochote, alizaa mapacha. Nikampima, na wakati naandika akawa anasoma ukurasa wa upande wa pili, sikuwahi kuufunika. 40, 35, pande inchi 9.

Akauliza kwa sauti ndogo, "fundi, huyu mteja mlimshonea nini?"

Nikafunga pazia nikamwonyesha.

16 Novemba

Vipimo: kilo 78, zimesimama tangu katikati ya Septemba. Nimesimama 39, nimelinyanyua 34. Pande ni inchi 9 zilezile, kama nilivyosema hilo halisikilizi mlima wala limao. Damu 12.2! Chai nakunywa saa 4.

Kliniki wamepiga, wakasema uzito ukiendelea hivi wanaweza kuniweka mwezi wa 3 au wa 4. Nimewaambia nitawajibu. Nataka ile ya pili, ya msuli na kovu la nyonga kwa nyonga, T sitaki. Nimepiga hesabu ya hela kwa mikaja, nikiuza mmoja 30,000 na kitambaa kikinila 11,000 inatakiwa nishone mpaka nizeeke, kwahiyo harusi za Desemba ndo zitanisaidia zaidi.

Oda nilizonazo ni 6. Mama wa Kihesa kaleta wenzake wawili, mama kanitumia vipimo vya jirani yake wa Mafinga kwa simu, kiuno kapima kwa kamba ya viatu, itabidi nimpigie apime upya. Patani nimeiandika 4B, ukingo wa chini nimeushusha nusu inchi kwa wenye kovu la uzazi. Kitambaa cha jezi kimeisha, kesho naenda mtumbani mapema, na tangu jana baba watoto anaitafuta ile jezi.